Ongeza Kasi, Mwanangu

Al Mansoura, Doha
7 Februari 2014

Mwanangu Arnold,

Salamu nyingi kutoka kwa baba yako. Mimi niko mzima. Mama yako amenipigia simu Jumanne na kuniambia umechaguliwa kuwa mrushaji wa timu ya besiboli ya shule. Nilikuwa ndani ya basi la kampuni. Nilipiga kelele mpaka dereva akageuka, akafikiri nimeibiwa. Mrushaji! Si mdakaji, si mtu wa kusimama pembeni kungoja mpira, bali yule anayesimama katikati ya uwanja huku wote wakimtazama.

Sasa sikia habari yangu. Nimehamishwa kutoka lile jengo la West Bay nilikokuwa nikiwafungulia watu mlango wa kioo. Siku hizi ulinzi wangu ni kwenye uwanja wa michezo, na kila Ijumaa vijana wa Kimarekani na Kijapani wanacheza besiboli pale. Kocha wao tumeelewana sana. Huwa tunaongea mambo ya ufundi.

Kwa hiyo ninachokuambia si cha kubuni. Wana kifaa kama tochi. Wanamwelekezea mrushaji, kinaandika kasi ya mpira. Kuna kijana mmoja mrefu alikuwa akirusha maili sabini na moja kwa saa kabla ya Krismasi. Ijumaa iliyopita nimeona themanini. Unajua alifanya nini? Alirusha mpira mzito ukutani, kila siku, kwa nguvu zake zote. Hakuna siri nyingine. Mwenye kasi ndiye anayechaguliwa. Mama yako ameniambia kuna mashindano Nairobi mwezi wa saba, na watakaofanya vizuri wataingia timu ya vijana itakayokwenda Uganda. Hapo ndipo ninapotaka uwepo.

Japheth, mwenzangu wa hapa chumbani, anakuja nyumbani likizo. Nimempa mipira miwili mizito ambayo kocha alinipa kwa ajili yako. Fanya hivi: asubuhi kabla ya masomo, rusha mara themanini ukutani. Usirushe kwa huruma. Rusha kama unataka kutoboa.

Soma pia. Lakini rusha.

Ni mimi baba yako,
Athanas

*

Bwenini, Kakamega
2 Machi 2014

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Japheth alikuja hadi getini na mipira nimeipata. Soja wetu alidhani ni mabomu, ikabidi nimweleze. Barua yako nayo ilinifikia ikiwa imefunguliwa, lakini ni kawaida, matroni husoma barua zote.

Baba, mambo si mazuri sana. Jumamosi tulicheza na wavulana wa Mumias tukapigwa 9 kwa 4, na kosa lilikuwa langu. Unajua mrushaji akitupa mipira minne mibaya, mpigaji anatembea bure hadi kituo cha kwanza. Basi niliwatembeza watu saba. Saba! Wengine walikuwa wananicheka wakitembea.

Kocha wetu anaitwa Mwalimu Jerusha, anatufundisha jiografia. Yeye anasema nipunguze nguvu. Ametundika gunia kwenye mlingoti wa goli, akakata tundu katikati, na kazi yangu ni kupitisha mpira kwenye tundu, polepole. Nikirusha polepole napata tundu. Lakini kwenye mechi nikirusha polepole wananipiga mpira unaenda hadi shamba la miwa. Nikirusha kwa nguvu nakosa. Sasa nifanye nini? Mwalimu anasema punguza, wewe unasema ongeza, na mkono ni mmoja.

Nilitaka kukuuliza, hao vijana wa Doha wana miaka mingapi? Huyo mrefu wa themanini yuko kidato cha ngapi?

Nimeanza zile themanini za asubuhi, nyuma ya jiko. Wapishi wanalalamika ukuta unatikisa masufuria.

Mwanao,
Arnold

*

Al Mansoura, Doha
21 Machi 2014

Mwanangu Arnold,

Barua yako imenifurahisha na kunikasirisha. Imenifurahisha kwa sababu ya masufuria. Ukuta ukitikisika ujue unaelekea panapofaa.

Imenikasirisha kwa sababu ya gunia. Tundu kwenye gunia! Arnold, hebu niambie, huyo mwalimu wa jiografia amewahi kumwona mrushaji wa kweli hata siku moja? Mimi nawaona kila Ijumaa. Hakuna kijana hata mmoja hapa anayeambiwa arushe polepole. Watu saba kutembea bure si kitu. Tundu utalipata baadaye, kasi ikishakuja. Ukizoea upole sasa, utabaki mpole maisha yako yote, utafunguliwa milango mingapi kwa upole? Mimi nilikuwa mpole. Niangalie nilipo.

Mbele ya mwalimu fanya anavyotaka, usigombane naye. Lakini asubuhi ni yako na yangu. Fanya mia moja badala ya themanini. Na hakuna haja ya kumwambia.

Joto limeanza. Kwenye kibanda changu kuna feni, lakini inasukuma hewa ile ile ya moto.

Baba yako,
Athanas

*

Kakamega
9 Aprili 2014

Kwa Baba Arnold,

Salamu. Mimi ni Jerusha Cherotich, mwalimu wa jiografia na kocha wa besiboli katika shule ya mwanao. Anwani yako nimepewa na mama yake. Samahani kwa kukuandikia bila kujuana.

Jana matroni alikuta mipira miwili mizito chini ya kitanda cha Arnold, akaniletea. Arnold alikataa kuniambia ilikotoka. Alisema tu "ni ya kwangu". Ni mama yake aliyenieleza.

Baba Arnold, sitajifanya bingwa. Ninachojua kuhusu mchezo huu nilifundishwa kwa wiki mbili na Mjapani mmoja wa kujitolea aliyepita Kisumu, kisha nikajisomea. Lakini kitu kimoja alichotukaririsha kila siku ni hiki: mtoto wa miaka kumi na sita bado mifupa inakua, na mahali pa kwanza kulalamika ni kiwiko. Arnold anarusha kwa mkono mtupu. Miguu yake imelala, kiuno chake kimelala, mkono peke yake ndio unaofanya kazi ya mwili mzima. Ukimwongezea nguvu mtu anayerusha hivyo, unaongeza mzigo kwenye kiwiko.

Nimeanza kumwona akishika kiwiko baada ya mazoezi. Nikimuuliza, anasema ameegemea dawati vibaya.

Ninakuomba umwandikie apumzike. Ukisema wewe atasikia. Maneno yako anayashika kuliko yangu, na hilo silalamikii, ndivyo inavyotakiwa kuwa. Mipira ninayo ofisini.

Wako,
Jerusha Cherotich

*

Doha
25 Aprili 2014

Kwa Mwalimu Jerusha,

Salamu. Barua yako nimeipata na ninashukuru kwa kazi yako ya kufundisha jiografia.

Umesema wiki mbili. Mimi nimewatazama vijana wa nchi zilizoanzisha mchezo huu kwa miezi mitano, na kocha wao ninamfahamu. Sisemi hivyo kwa majivuno. Nasema ili tujue nani amesimama wapi.

Arnold ni kijana mwenye nguvu, alizaliwa na kilo nne na nusu. Kuumwa kidogo ni dalili kwamba msuli unakua; hata mimi nilipoanza kusimama saa kumi na mbili kwa siku miguu iliniuma, sasa hainiumi. Mwalimu, mtoto akipata nafasi moja ya kuonekana, hawezi kuonekana akiwa anarusha kwenye gunia.

Ninaomba mipira yangu arudishiwe. Ni mwanangu.

Kwa heshima,
Athanas Makokha

*

Bwenini, Kakamega
18 Mei 2014

Baba,

Shikamoo. Mambo ni mazuri sana. Jumamosi tulicheza na Butere nikawatoa wapigaji kumi na mmoja. Mpira ulikuwa unalia kwenye glavu ya mdakaji, kijana anaitwa Reuben, hadi akaomba abadilishwe. Wamebaki wakiniita Roketi.

Mwalimu Jerusha alinirudishia mipira. Alisema tu, "Shika. Mimi nimeshasema." Tangu siku hiyo hanisemeshi sana. Ni kama vile kwake mimi ni mchezaji wa mtu mwingine.

Ninafanya mia moja. Siku nyingine zaidi.

Utakuja Julai? Ulisema likizo yako ni Julai. Ukija utakaa upande wa nyuma ya mdakaji, hapo ndipo mtu anaona mpira ukija.

Samahani kwa mwandiko, ninaandika nikiwa kitandani.

Arnold

*

Al Mansoura, Doha
6 Juni 2014

Roketi wangu,

Kumi na mmoja! Nimesoma barua yako mara nne, nikawasomea wenzangu. Ronny, yule Mganda tunayelala naye kitanda cha juu na cha chini, hajui besiboli ni nini lakini alipiga makofi. Unaona sasa? Unaona nilichokuwa nakwambia? Mpira ukilia kwenye glavu hakuna mtu atakayeuliza habari za tundu.

Ila mwandiko, Arnold. Mwandiko umekuwa kama wa mtoto wa chekechea. Usiniaibishe kwa barua zako wakati mkono ni huo huo wenye sifa. Kaa mezani ukiandika.

Habari mbaya ni kwamba sitakuja Julai. Mudiri, yaani meneja wetu, amesema watu wawili wameacha kazi, kwa hiyo likizo zote zimesogezwa hadi mwakani, na bila saini yake sitoki nchini. Nilimweleza kuhusu mashindano. Aliniuliza, "Mashindano ya nini?" Nikamwambia. Akasema, "Khalas, basi, nenda kazini." Nilirudi kwenye kibanda nikakaa, sikuweza hata kumfungulia mtu geti vizuri.

Basi kwa kuwa sipo, wewe niwekee nguvu zangu humo. Ongeza ishirini kila asubuhi kuanzia sasa hadi mashindano. Siku ya mechi, mpira wa kwanza kabisa, urushe kwa kila kitu ulicho nacho. Nitajua.

Baba yako,
Athanas

*

Kakamega
14 Julai 2014

Baba Arnold,

Najua mama yake ameshakupigia. Lakini alinipigia na mimi, akaniambia unadai huelewi ilitokeaje. Nilikuwepo, kwa hiyo nakuandikia.

Tulicheza Nairobi Jumamosi asubuhi. Zamu ya kwanza Arnold alirusha mipira kumi na miwili na kuwatoa wapigaji watatu. Baba Arnold, nimefundisha miaka kumi na minne, sijawahi kuona mtoto wetu akirusha vile. Watu walioketi wakinywa soda walisimama. Wale watu wawili wa kuchagua timu waliacha kuongea. Mimi mwenyewe nilisahau yote niliyokuwa nimekuandikia.

Zamu ya pili ilikuwa nzuri lakini nilimwona akiutikisa mkono. Nilimwendea. Nikamwambia, "Arnold, inatosha." Akaniambia, "Mwalimu, usinitoe. Nakuomba." Nikamwambia, "Unaumwa?" Akasema, "Siumwi." Alikuwa ananitazama machoni. Nikamwacha. Hilo nitalibeba mimi, sitakupa wewe.

Zamu ya tatu mpira wa kwanza ulipita nyuma ya mgongo wa mpigaji. Wa pili ulidondoka mbele ya miguu yake mwenyewe. Alijaribu kuuokota, vidole vikakataa kufunga. Alisimama tu pale katikati, akiutazama mpira ardhini. Hakulia. Alilia ndani ya gari nilipomfunga mkono kwa leso yangu.

Daktari amesema kano ya upande wa ndani wa kiwiko imevutika vibaya, na mfupa pale unapokua umeanza kubanduka. Alisema jambo hili halikuanza Jumamosi, lina miezi. Ana plasta ya wiki sita, kisha mazoezi ya kunyoosha. Asirushe chochote hadi mwaka ujao, na hata hapo hajaahidi kitu.

Unajua nilichogundua? Tangu mwezi wa tano Arnold amekuwa akiandika kwa mkono wa kushoto. Daftari lake la jiografia lote, kushoto. Nilisahihisha kazi yake kila wiki nikafikiri ni uvivu. Mkono wa kulia alikuwa anautunza kwa ajili ya asubuhi yako.

Nimekasirika sana, Baba Arnold. Nimekukasirikia wewe na nimejikasirikia mimi. Mimi nilimwambia polepole, polepole, hadi akawa anarusha kama mtu anayepanga vikombe kabatini, akaona simwamini. Alipoona simwamini, alikwenda kwako. Hakuna kati yetu aliyekaa naye chini akamuuliza mkono unasemaje.

Timu ya kwenda Uganda imetangazwa. Hayumo.

Jerusha Cherotich

*

Doha
28 Julai 2014

Kwa Mwalimu Jerusha,

Barua yako nimeisoma. Nimeanza kukujibu mara nyingi, kila mara nikijitetea, na kila mara nikaishia katikati. Sasa nakueleza kilichotokea tu.

Kwanza, nilisema uongo. Kocha wa hawa vijana hakuwa rafiki yangu. Sikuwa nimewahi kuongea naye zaidi ya "habari ya asubuhi". Mimi ni mtu wa geti. Niliwatazama kupitia waya wa uzio, na nilisikia nusu ya maneno, na Kiingereza chao kina haraka. Ile mipira mizito niliiokota kwenye pipa la taka, nyuzi zikiwa zimefumuka, nikaishona.

Msimu wao umekwisha, vijana wote wamekwenda makwao kwa sababu ya joto. Lakini wiki iliyopita kocha alikuja peke yake kuhesabu vifaa stoo. Nilimfungulia geti. Kisha nikaacha kibanda changu, jambo ambalo haliruhusiwi, nikamfuata hadi stoo. Nikamwambia nina mwanangu, anarusha, ameumia kiwiko.

Akaacha alichokuwa anafanya. Akaniuliza, "Ana miaka mingapi?"

Nikasema kumi na sita.

"Alikuwa anarusha mara ngapi?"

Nikasema mia moja na ishirini kila siku, na mpira mzito.

Alikaa juu ya sanduku. Akaniambia wale wenye mipira mizito niliowaona walikuwa wanafunzi wa chuo, miaka kumi na tisa, ishirini, waliokuja kwa wazazi wao likizo, na kila mmoja alikuwa na mtu wa kumsimamia. Wa umri wa Arnold hawaigusi. Kuna mzee mmoja Mfilipino ambaye kila Ijumaa hukaa na kidude mkononi akibonyeza, tik, tik, tik. Mimi nilidhani anahesabu waliohudhuria. Kumbe anahesabu mipira ya kila mrushaji. Ikifika idadi yake, kijana anatolewa, hata kama anashinda, na anapumzika siku kadhaa. Miezi yote hiyo nilimtazama yule mzee na sikuuliza.

Nikamuuliza kocha, sasa kurusha kwa nguvu ni kosa? Akasema hapana. Akasema mtoto aachwe arushe kwa nguvu, kumzuia sana nako kunamharibu, ila nguvu ianzie miguuni, na awepo mtu wa kumwambia leo basi. Kisha akaniuliza, "Nani alikuwa anamwangalia?"

Nikasema, "Mimi."

Akaniambia, "Lakini wewe uko hapa."

Hakusema kwa ubaya. Alirudi kuhesabu vifaa vyake, na mimi nikarudi getini.

Mwalimu, niliandika maneno mabaya kuhusu jiografia. Ninakuomba radhi. Nimemwandikia Arnold pia, sijui kama atasoma.

Athanas Makokha

*

Nyumbani, Kakamega
20 Agosti 2014

Baba,

Barua yako ya kuomba msamaha nimesoma. Mama alikaa mlangoni hadi nikamaliza.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Sasa nimezoea, usiseme kitu kuhusu mwandiko.

Nilikuuliza mwezi wa tatu hao vijana wana miaka mingapi. Ilikuwa barua yangu ya kwanza kabisa kuhusu jambo hili. Hukunijibu. Ulijibu habari za masufuria. Nilisoma barua yako nikitafuta jibu, nikageuza karatasi nikatazama nyuma, hakukuwa na kitu. Nikafikiri, basi swali langu ni la kijinga.

Mkono ulianza kuuma mwezi wa nne. Ile mechi ya Butere tulishinda kweli na niliwatoa watu kumi na mmoja, lakini usiku sikuweza kulalia upande wa kulia. Sikukuambia kwa sababu ungeandika niache, au ungeandika niongeze, na yote mawili sikutaka. Nilitaka uendelee kuandika tu. Kabla ya besiboli ulikuwa unatuma salamu kupitia simu ya Mama, "mwambie asome." Nilipokuwa mrushaji ndipo nikaanza kupata barua yenye jina langu juu.

Na msiniambie sasa kwamba kurusha kwa nguvu kulikuwa makosa yote. Mwalimu Jerusha alikuja hapa na ndizi, akakaa na Mama, wakazungumza kama nimekufa. Ile zamu ya kwanza Nairobi nilirusha kwa nguvu zangu zote, na kwa mara ya kwanza miguu ilikuja pia, na kiuno, sijui vipi, kila kitu kilikuja pamoja na mpira ukaenda nilipotaka. Nilijua kabla haujaniacha mkononi. Hakuna aliyenifundisha hilo, si wewe na si yeye. Na sasa sijui kama nitawahi kulipata tena. Hilo ndilo linaloniudhi. Siyo Uganda.

Mwalimu anataka nianze mazoezi ya miguu bila mpira. Kusimama, kuinua goti, kukanyaga mbele, mara hamsini, mikono mitupu kama mwendawazimu. Nimemwambia nitafikiria.

Baba, usiniandikie tena mazoezi. Hata mepesi. Hata ushauri wa daktari wa huko. Miaka tisa uko huko na ninajua kasi ya kijana mmoja mrefu wa Marekani, lakini sijui wewe unakula nini. Sijui kama chumba chako kina dirisha. Ukitaka kuniandikia niandikie hayo. Kama hutaki, tuma salamu kwa Mama.

Arnold

*

Al Mansoura, Doha
12 Septemba 2014

Mwanangu Arnold,

Nimeandika barua tatu kabla ya hii. Zote zilianza na mkono wako na kufikia mstari wa tano zilikuwa zimeshakuambia la kufanya. Nimezichana.

Chumba chetu kina dirisha. Linaangalia ukuta wa jengo jingine, karibu kiasi kwamba nikinyoosha mkono nagusa. Tuko sita. Kitanda changu ni cha chini, karibu na friji, na friji inanguruma kama ng'ombe mwenye njaa. Ronny wa Uganda yuko juu yangu. Japheth yuko upande wa mlango, na kuna wengine watatu wa Nepal, ambao hatuelewani lugha lakini tunaelewana chumvi.

Leo ni Ijumaa. Kwa kawaida ningekuwa uwanjani, lakini nimeomba nisiwekwe Ijumaa kwa sasa. Nimepangwa tena West Bay siku nyingine, mlango ule ule wa kioo.

Umeuliza ninakula nini. Siku za kazi ni wali na dengu, na kuku siku za bahati. Lakini leo nilitaka ugali. Kuna duka hapa Al Mansoura, la Mhindi mmoja, wakati mwingine lina unga mweupe, wakati mwingine halina. Leo ulikuwepo. Nikapata na sukuma wiki, ya kwenye mfuko, imekatwa tayari na imechoka. Nikamwambia Ronny, leo mimi ndiye mpishi, wewe kaa. Hakukaa. Nilipokwenda kuoga alimwaga chumvi kwenye sukuma, kisha Japheth naye, bila kujua, akamwaga nyingine, kisha mmoja wa Wanepali akaonja, akafumba macho, akaongeza pilipili ili kufunika chumvi. Niliporudi nikakuta wote wamesimama kuzunguka sufuria kama watu waliogonga gari la mtu. Nikaonja. Nikachukua lile sufuria, nikatoka nalo kwenye korido, na Ronny akanifuata nyuma akisema, "Mzee, usiimwage, mzee, ngoja nikueleze," na hapo hapo nikakutana na msimamizi wa jengo anayekataza mtu yeyote kupika Ijumaa

Basi la kampuni linapiga honi, kuna mtu ameugua na wananichukua badala yake. Naiweka kwenye bahasha hivi hivi, kwa sababu nikingoja kesho nitaanza kuirekebisha.

Baba yako

*

Bwenini, Kakamega
5 Oktoba 2014

Baba,

Shikamoo. Barua imefika. Matroni aliisoma kwanza, akanitafuta hadi darasani kuniuliza kama kuna karatasi nyingine iliyopotea.

Plasta imetoka. Mkono haunyooki wote. Ukifika mahali fulani unakataa, na ninakasirika nautukana. Nilikwenda kwa Mwalimu Jerusha nikafanya ile miguu yake mara hamsini, nikachoka, nikamwambia ni upuuzi, nikaondoka. Sijui kama nitarudi. Usiniambie nirudi. Usiniambie nisirudi.

Msimamizi alisema nini?

Arnold